Finjani Mbili za Kizunguzungu

Katika kitabu cha tatu cha al-Qanun fi al-Tibb, pale Ibn Sina anapoeleza maradhi ya kichwa, mna finjani ya maji. Anasema mtu akijizungusha kisha akasimama, mvuke na roho zilizomo ubongoni mwake huendelea kuzunguka, kama finjani yenye maji iliyozungushwa kwa muda ikatulizwa: chombo kimesimama, maji yangali yanazunguka. Nilipokutana na mfano huo kwa mara ya kwanza nilikwenda jikoni kuujaribu. Nikatia maji nusu kikombe, nikadondosha chembe chache za majani ya chai, nikakizungusha, halafu nikakishika kikatulia. Chembe hazikutulia nacho. Ibn Sina alifariki mwaka 1037, na fizikia ya finjani yake bado ni salama.

Jina alilolitumia ni duwar, na Mswahili hahitaji mkalimani hapo, kwa kuwa shina hilohilo ndilo lililotupa duara na duru. Sisi tunasema kizunguzungu, kutokana na kuzunguka. Walatini walisema vertigo, kutokana na kitenzi chao cha kugeuka. Koo tatu za lugha zimeutazama ugonjwa mmoja na kuupa jina kwa dalili ileile: kuna kitu kinazunguka. Kwa hiyo waganga wa kale walianza na swali lililokuwa limekwisha kutiwa ndani ya jina. Ni kitu gani kinazunguka, na kinazunguka wapi?

Nataka kuyaweka pamoja mapokeo matatu: ya Kigiriki na Kiarabu, ya Kichina, na yale ya maabara ambayo leo yamefika kwenye chembe ya potasiamu inayopenya tundu la protini. Sitaki kudai kwamba wakale walijua yote. Dai hilo huwavunjia heshima, maana huwafanya watabiri badala ya wanafikra. Ninachotaka kuonyesha ni swali ambalo mapokeo mawili ya kwanza hayakuliuliza. Mtu akiwa ametulia kabisa, macho kayafumba, nini kinachomjulisha kwamba ametulia?

Ibn Sina hakuanzia patupu. Galen, karne ya pili, alikwisha kueleza watu ambao kutazama tu gurudumu likizunguka huwaangusha. Waliomrithi waliuona ubongo kuwa ndiyo nyumba ya ugonjwa: mvuke hupanda kutoka tumboni au huzaliwa kichwani, roho ya fahamu huvurugika, na mtu huona ulimwengu unakwenda. Ndiyo maana katika al-Qanun duwar imewekwa jirani na kifafa. Zote mbili zilihesabiwa kuwa ni misukosuko ya ubongo. Sikio halimo katika hesabu hiyo.

Kwa Wachina sikio linatajwa, ila kwa mlango wa pembeni. Huangdi Neijing, kitabu kilichokusanywa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, kinauweka upepo, mtikisiko na kizunguzungu chini ya ini. Mahali pengine kinasema bahari ya uboho ikipungua, ubongo huzunguka na masikio huvuma. Baadaye Zhu Danxi, aliyeishi kati ya 1281 na 1358, alishikilia kwamba penye kizunguzungu pana balghamu. Neno balghamu limo katika Kiswahili, likiwa limetufikia kwa njia ya tiba ya Kiarabu, na Mswahili akisoma Zhu Danxi huhisi amekutana na jamaa. Lakini ujamaa huo ni wa jina zaidi kuliko wa fikra. Balghamu ya Galen ni mojawapo ya majimaji manne yanayopaswa kulingana mwilini, ilhali ya Zhu Danxi ni uchafu unaojikusanya pale mtiririko unapokwama.

Tabibu wa Kichina ana jambo moja ambalo ninalithamini sana. Hauulizi ugonjwa jina lake tu, huuliza kama umetokana na upungufu au na ziada, na wagonjwa wawili wenye kizunguzungu kilekile wanaweza kutoka kwake na dawa zinazopingana. Huo ni uangalifu wa kweli. Hata hivyo nikilazimishwa kuchagua kati ya mapokeo haya mawili, namchagua mwenye finjani, kwa sababu ametuachia kitu tunachoweza kukijaribu. Bahari ya uboho siwezi kuipima jikoni.

Mapokeo ya tatu yalianza kwa kisu. Katika miaka ya 1820 mjini Paris, Pierre Flourens aliikata mifereji nusuduara ya masikio ya njiwa, ile mirija mitatu iliyopinda ndani ya mfupa. Njiwa waliendelea kusikia. Ila vichwa vyao vilianza kuyumba, na viliyumba kwa kufuata upande uleule ambao mfereji uliokatwa ulikuwa umelalia. Akikata ule wa mlalo, kichwa kikaenda kulia na kushoto. Akikata wa wima, kikaenda juu na chini. Tarehe 8 Januari 1861 Prosper Ménière alisimama mbele ya Chuo cha Tiba cha Paris akaeleza kwamba wagonjwa wengi wanaotibiwa kama watu waliojaa damu ubongoni, wanaotolewa damu kwa ajili hiyo, kwa kweli wana ugonjwa wa sikio la ndani. Kisha kati ya 1873 na 1875 watu watatu, kila mmoja kivyake, wakafikia jibu moja: Ernst Mach huko Prague, Josef Breuer huko Vienna, na mwanakemia Alexander Crum Brown huko Edinburgh. Kichwa kikianza kugeuka, maji ya ndani ya mfereji huchelewa. Kichwa kikisimama, maji hutaka kuendelea.

Hapo ndipo finjani ya Ibn Sina ilipohamishwa kutoka ubongoni ikawekwa sikioni. Watatu hao hawakuhitaji kumsoma ili waifikie, na sidai kwamba walimsoma. Inatosha kwamba hoja ni moja. Imefanyiwa sahihisho moja tu, nalo ni la maana. Mrija wa sikio ni mwembamba mno hata maji hayawezi kuzunguka ndani yake kama yanavyozunguka kikombeni, kuta zinayabana. Yanachofanya ni kusukuma kidogo kizibo laini kama utelezi wa yai, kilichoziba mfereji mahali unapovimba. Kizibo hujikunja, kisha hurudi kwa sekunde chache. Mtoto anayezunguka uwanjani mpaka akaanguka huona ulimwengu ukimzunguka kwa sababu ya msukumo huo mdogo, na kwa sababu ubongo nao hurefusha habari yake.

Lakini maji kusukuma kizibo bado si hisia. Mbao pia husukumwa na maji, nayo haina habari. Chini ya kizibo kuna seli zenye vinywele, na juu ya kila seli vinywele vimepangwa kwa kimo kama filimbi za zumari za kuunganishwa, kifupi karibu na kifupi, kirefu karibu na kirefu. Vikiinamia upande wa kirefu zaidi, nyuzi ndogo zinazoviunganisha huvutika na milango ya ioni hufunguka. Kinachoingia ni potasiamu.

Hili liliwashangaza wanafiziolojia, na lingali la kushangaza. Katika neva za kawaida sodiamu huingia ili kuamsha, na potasiamu hutoka ili kutuliza. Sikioni potasiamu ndiyo inayoamsha, na potasiamu hiyohiyo ndiyo inayotoka. Siri iko katika maji yenyewe. Mwaka 1954, huko St. Louis nchini Marekani, Catherine Smith, Oliver Lowry na Mei-Ling Wu walipima maji ya sikio la ndani la simbilisi, wakakuta kwamba endolimfu, yaani maji yanayogusa vinywele, imejaa potasiamu na ina sodiamu kidogo tu. Majimaji mengine yaliyo nje ya seli mwilini ni kinyume chake. Kwa makadirio, endolimfu ina milimoli 150 za potasiamu katika lita moja, wakati perilimfu, inayoosha sehemu ya chini ya seli, ina kama milimoli 5.

Basi iangalie seli hii ilivyosimama. Kichwa chake kiko katika maji mazito kwa potasiamu, miguu yake iko katika maji mepesi. Umeme wa ndani ya seli, ulio hasi, huivuta potasiamu iingie kwa juu. Ikishaingia, tofauti ya wingi huisukuma itoke kwa chini, kupitia chaneli zake maalumu. Kuingia na kutoka kote huko seli haikugharimii hata chembe ya nishati yake. Gharama hulipwa na jirani, seli nyeusi za ukutani, ambazo usiku na mchana huikusanya potasiamu na kuirudisha katika endolimfu.

Na sasa swali langu la mwanzo linapata jibu. Kichwa kikiwa kimetulia, baadhi ya milango ya juu huwa wazi na potasiamu hupita. Jay Goldberg na César Fernández, katika kazi yao ya 1971 kwa nyani wadogo wa Marekani ya Kusini, walikuta kwamba nyuzi za neva zinazotoka kwenye mifereji nusuduara hutuma wastani wa mipigo 90 hivi kwa sekunde wakati mnyama hajasogea kabisa. Sikio la kulia linapiga, la kushoto linapiga. Ukigeuza kichwa kulia, la kulia huongeza na la kushoto hupunguza, na ubongo husoma tofauti. Utulivu tunaouhisi ni mito miwili inayokwenda kwa kasi sawa. Mto mmoja ukikauka ghafla, kwa virusi au kwa jeraha, ubongo hupata tofauti kubwa na kuisoma kwa namna pekee unayoijua: tunazunguka. Hakuna kinachozunguka hapo, si mvuke, si roho, si maji. Hapa ndipo mapokeo ya maabara yanapoachana na majina yetu yote, duwar, vertigo na kizunguzungu.

Finjani ya pili iko chini ya seli. Mwaka 1956 Jan Wersäll wa Sweden alionyesha kwamba seli zenye vinywele za mfumo huu ni za aina mbili. Aina ya pili ina umbo la mche, na neva huigusa kwa vidoa vidogo. Aina ya kwanza ina umbo la chupa, na neva haiigusi tu bali imeizingira yote, kama finjani iliyoshika yai. Samaki na vyura wana aina ya pili. Kikombe kamili kinapatikana kwa wanyama watambaao, ndege na mamalia, ambao waliondoka majini na kubeba vichwa juu ya shingo zinazogeuka upesi.

Chura ameelezwa vizuri sana. Mwaka 1988 James Hudspeth na Richard Lewis waliichunguza seli ya sikio la chura mkubwa wa Marekani, kiungo kinachohisi mtetemo wa ardhi, wakakuta kwamba chaneli za kalsiamu na zile za potasiamu zinazoamshwa na kalsiamu hujibizana mpaka umeme wa seli unacheza kwa mdundo wake wenyewe. Seli ya chura ni kama uzi wa zeze, ina sauti yake. Seli ya aina ya kwanza haina mdundo wa namna hiyo. Manning Correia na Douglas Lang, wakifanya kazi kwa njiwa huko Texas, walieleza kufikia 1990 kwamba seli hiyo ina mkondo mkubwa wa potasiamu ambao uko wazi hata wakati seli imepumzika. Njiwa tena, miaka zaidi ya mia na sitini baada ya Flourens.

Mkondo huo ulizua fumbo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari hii yote. Chaneli za kutokea zikiwa wazi muda wote, potasiamu inayoingia juu hutoka chini papo hapo, na umeme wa seli haupandi sana. Ni sawa na kujaza ndoo yenye matundu. Seli inakuwa nyepesi kuitikia, lakini sauti yake ni ndogo, hata haitoshi kufungua vizuri chaneli za kalsiamu zinazoruhusu kumwaga kemikali ya kupeleka habari kwa neva. Kwa nini maumbile yatengeneze seli yenye kasi isiyoweza kusema?

Jibu likaja kwa kuiangalia finjani. Nafasi iliyopo kati ya seli na kikombe cha neva ni nyembamba mno. Potasiamu inayotoka haina pa kutawanyikia. Inajikusanya, na mkondo wake unabadili umeme wa nafasi hiyo. Ukuta wa ndani wa kikombe nao una chaneli za potasiamu, na kupitia hizo neva inahisi moja kwa moja. Habari imefika bila kungoja kemikali. Donatella Contini na wenzake walilifuatilia jambo hili kwa kobe wa majini, na mwaka 2023 kundi la Robert Raphael wa Chuo Kikuu cha Rice na Ruth Anne Eatock wa Chuo Kikuu cha Chicago lilitoa mfano wa hesabu unaoeleza sehemu mbili za ujumbe: umeme unaofika upesi sana, na mlundiko wa potasiamu unaofuata polepole. Mwaka 2024 Eatock na wenzake walionyesha kwamba mkondo ule uliokuwa wazi wakati wa kupumzika unategemea protini iitwayo Kv1.8. Panya waliokosa jeni lake, seli zao za aina ya kwanza zikakosa mkondo huo na wepesi wake. Kwa miaka mingi wengi walikuwa wameitilia shaka protini nyingine, Kv7.4, hiyo kazi yake iko zaidi kwenye ukuta wa kikombe.

Kasi yote hii ni ya nini? Kichwa kinapotikisika, macho hugeuzwa upande wa pili ili picha isikimbie, na amri ya kuyageuza huchukua milisekunde chache tu. Jicho peke yake, kwa kutazama, huchelewa mno kufanya kazi hiyo. Soma mstari huu huku ukitikisa kichwa, na utaweza kuusoma. Kisha kishike kichwa na uitikise karatasi kwa mwendo uleule. Maandishi yatapotea.

Upande wa seli nyeusi nao una hadithi yake, nayo ni ya huzuni. Mwaka 1957 Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen wa Norwei walieleza familia yenye watoto sita. Wanne walizaliwa viziwi na walikuwa wakizimia, na watatu kati ya hao walikufa ghafla, wakiwa na miaka 4, 5 na 9. Miaka 40 baadaye ilijulikana kwamba maradhi hayo hutokana na kasoro ya chaneli ya potasiamu inayofanya kazi mahali pawili: katika moyo, ambako hutuliza kila pigo, na katika sikio, ambako hurudisha potasiamu kwenye endolimfu. Watoto wenye ugonjwa huu wengi huchelewa kukaa na kutembea, kwa kuwa kiungo cha msawazo nacho kimekauka. Katika mapokeo ya kale uziwi, kuzimia na kuchelewa kutembea yangekuwa maradhi matatu ya viungo vitatu. Wachina, waliozoea kuunganisha kiungo na kiungo cha mbali, nadhani wasingeshangazwa na moyo kufungamana na sikio. Ila wasingekuwa na njia ya kujua ni uzi gani unaoviunganisha, na kwa mtoto wa aina hii uzi ndio uhai wake, kwani akijulikana mapema moyo wake hulindwa kwa dawa.

Kuna ulinganisho mmoja unaopendwa na baadhi ya waandishi ambao siukubali. Mwaka 1938 Charles Hallpike na Hugh Cairns huko London, na Kyoshiro Yamakawa huko Osaka, walikuta katika masikio ya wagonjwa wa Ménière waliofariki kwamba endolimfu ilikuwa imefurika na kutanua kuta zake. Basi husemwa: tazama, ndiyo balghamu ya Zhu Danxi. Siyo. Balghamu inaelezea kizunguzungu chochote, cha mzee, cha mjamzito, cha mwenye njaa, na kinachoelezea kila kitu hakimsaidii tabibu kutofautisha mgonjwa na mgonjwa. Endolimfu iliyofurika ni jambo la mahali pamoja, nalo limezaa dhana nyingine inayoweza kupimwa: kwamba kuta zikipasuka, potasiamu humwagikia upande wa neva na kuilemaza. Potasiamu ileile, ikikosea mahali, inakuwa sumu. Na mtu asidhani kwamba kula ndizi kutabadili hali, maana potasiamu ya endolimfu inasimamiwa na sikio lenyewe, si na sahani.

Lipo tukio ambalo mapokeo ya kuzunguka hayana jina lake kabisa. Streptomisini, dawa iliyogunduliwa miaka ya 1940 na kuwaokoa wagonjwa wengi wa kifua kikuu, hapa kwetu na kwingineko, huweza kuua seli zenye vinywele. Dawa za jamaa hii hupenya kwa mlango uleule wa juu unaopitisha potasiamu, na seli za aina ya kwanza, zenye finjani, huumia zaidi. Kwa kuwa dawa imo katika damu, huharibu masikio yote mawili. Mito yote miwili hukauka pamoja. Tofauti haipo, na kwa hiyo dunia haizunguki.

Mwaka 1952 daktari mmoja Mmarekani, aliyepatwa na hali hiyo baada ya kutibiwa, aliandika katika jarida la tiba jinsi anavyoishi. Alipotembea, nyuso za watu zilirukaruka hata asiwatambue mpaka asimame. Gizani hakujua chini ni wapi. Alipotaka kusoma kitandani, herufi zilicheza kwa kila pigo la moyo wake, kwa sababu mshipa ukipiga hukisogeza kichwa kidogo mno, na hapakuwa tena na kitu cha kuyarekebisha macho. Alikibana kichwa chake kati ya vyuma viwili vya kitanda, akakikaza, na hapo maneno yakatulia kiasi cha kusomeka.